Masikio ya Satao

Vuli ikichelewa, vumbi jekundu la Voi huingia hadi ndani ya mikoba ya kamera. Rangi hiyo ndiyo inayowaleta wageni: ndovu wa hifadhi ya Tsavo, jirani na Voi, hujipaka udongo wakafanana na vichuguu vinavyotembea. Keti kando ya bwawa la Aruba alasiri ya Oktoba, nyasi zikiwa zimekwisha, utasikia kamera zikilia kila ndovu anapotokeza. Lakini angalia zinaelekezwa wapi. Ni pembe tu.

Za Satao, ndovu dume wa Tsavo, zilikaribia kugusa ardhi. Mark Deeble, mtengenezaji filamu aliyemfuatilia huko Tsavo, alisimulia jinsi ndovu huyo alivyokuwa akienda majini kwa kupindapinda, akisimama nyuma ya vichaka, naye Deeble akaamini kwamba ndovu alikuwa akizificha pembe zake. Kama ndovu anaweza kujua anachowindiwa, mimi siwezi kuapa. Ila huyo aliyekuwa akijificha ndiye tuliyemtafuta kwa lenzi ndefu.

Mei 30, 2014, mshale wa sumu ulimwangusha. Majangili walimkata uso wakaondoka na pembe. Watu wa shirika la uhifadhi la Tsavo Trust na wa Huduma ya Wanyamapori Kenya (KWS), waliomzoea akiwa hai, wakabaki mbele ya mzoga wasioweza kuutaja jina kwa hakika. Zile pembe zilizompa sifa duniani zilikuwa zimekwisha kwenda. Alitambuliwa kwa masikio, na kwa tope lililomkaukia mwilini. Juni 13 ndipo kifo chake kilipothibitishwa hadharani.

Habari ya uso ndiyo inayokataa kunitoka. Katika milima ya Taita, ile inayoonekana kutoka Voi, zamani wazee hawakuachwa kaburini moja kwa moja. Muda ukipita, fuvu lilifukuliwa likapelekwa kwenye pango la ukoo, likawekwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia, na walio hai walijua pa kwenda kuwaeleza shida zao. Baadhi ya mapango hayo yangali na mafuvu, na wageni huyapiga picha pia, kwa pupa isiyonipendeza. Satao hakuachiwa hata uso wa kuwekwa mahali.

Naye angalau tunamlilia kwa jina. Ukame wa mwaka 2022 uliua ndovu 205 nchini Kenya kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Sidhani kama wengi wao waliwahi kusimamishiwa gari hata mara moja.

Msomaji, ukifika Voi msimu huu, mwombe dereva asiondoe gari mara tu pembe zinapokwisha kupigwa picha. Kila sikio la ndovu lina michaniko na matundu yake, tofauti na ya mwenzake. Yapige picha masikio yote mawili, la kulia na la kushoto, uandike siku na mahali, kisha uwapelekee picha hizo wanaowahesabu ndovu wa Tsavo.