Mwacheni Shosho Aongee

Makongeni, Thika

Mpwa wangu mpendwa,

Ninaandika kwa Kiswahili ili mkwe wetu asome mwenyewe, kwa sababu jambo hili ni la nyumba yenu yote. Nimesikia, na sikusikia kutoka kwako, kwamba mwalimu wa chekechea, PP1, amesema mtoto wenu anachanganya lugha na yuko nyuma ya wenzake. Nimesikia pia kwamba tangu siku hiyo nyumba yenu ya Ruiru imekuwa ya Kiingereza pekee, hata mama yako ameombwa asimsemeshe mjukuu wake Kikuyu akija. Mama yako hajalalamika. Ninayelalamika ni mimi.

Mtoto wa miaka 4 hajengwi na hadhi ya lugha anayosemeshwa. Hujengwa na wingi na upana wa maongezi: maswali yasiyoisha, visa, utani, maelezo ya kwa nini maziwa yamefurika na kwa nini matatu imekwama Githurai. Mzazi huyatoa hayo katika lugha inayomtoka bila kufikiri. Kiingereza chako ni kizuri, na ukoo huu uliuza ng'ombe ili ukipate, lakini ni Kiingereza cha ofisi. Ukifika nyumbani saa mbili usiku, umechoka na foleni ya barabara kuu, kitakachobaki kwa mtoto ni amri: njoo, keti, kula, nyamaza. Mtoto anayelelewa kwa amri huingia darasani na Kiingereza chembamba, na chini yake hakuna lugha nyingine nene ya kumbeba.

Kuhusu kuchanganya lugha, sioni ugonjwa wowote hapo. Mtoto anayesema anataka kile kikombe cha "yellow" amechukua neno alilo nalo karibu, kama wafanyavyo makanga, wahubiri na wabunge wetu kutwa nzima. Mwalimu anayehesabu maneno ya Kiingereza pekee amehesabu sehemu tu ya anayoyajua mtoto. Zamani hata wataalamu waliamini kwamba lugha mbili huilemea akili changa, mpaka mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa Montreal, Kanada, na kukuta wenye lugha mbili wakiwashinda wenzao wa lugha moja. Wakosoaji walisema walioteuliwa ni wale waliozimudu lugha zote mbili sawasawa. Ni kweli, na ndiyo maana nasema zote mbili zilishwe, isifungiwe mlango hata moja. Lakini kama mtoto amechelewa katika Kiswahili na Kikuyu pia, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, hilo ni jambo jingine. Mpelekeni hospitali ya Thika Level 5 apimwe masikio, au taasisi ya elimu maalumu ya KISE pale Kasarani, na msingoje muhula uishe.

Mnadhani mmebuni jambo jipya, kumbe nchi hii ililijaribu kabla hujazaliwa. Mwaka 1957 kule Nairobi, shule ya watoto wa Kihindi ilianza kufundisha darasa la kwanza kwa Kiingereza. Sababu yao ilikuwa ya maana: darasa moja lilikuwa na watoto wa Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine, na hakuna lugha ya nyumbani iliyowakutanisha. Walimu walikuwa wachache, walioandaliwa na kufuatiliwa kwa karibu, wakiwa na vitabu na vifaa vilivyotungwa kwa kazi hiyo, na matokeo yakawafurahisha wakubwa. Mwaka 1961 mpango ukaingia shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaubariki. Kila wilaya ikautaka, kila mzazi akautaka, ukaenea upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Kilichofika vijijini kilikuwa Kiingereza bila yale yaliyokifanya kifaulu Nairobi: mwalimu mwenye Kiingereza kipana, muda wake na vifaa vyake. Watoto wakakariri wasichokielewa. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikashauri watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019 unashikilia msimamo huohuo kwa PP1 na PP2, lakini shule nyingi za binafsi kati ya Juja na Githurai hufundisha kwa Kiingereza, zikijua mzazi hulipia asichokielewa. Kosa la miaka ile halikuwa kukipenda Kiingereza. Kosa lilikuwa kuikabidhi lugha ya mtoto mikononi mwa watu wasio na utajiri wa kutosha katika lugha hiyo, na hilo ndilo mnalolifanya sebuleni kwenu.

Najua mkwe atauliza: sisi ni wa makabila mawili, lugha ya mama ni ipi? Swali lake ni la haki. Ninyi wawili mlichumbiana kwa Kiswahili na mnagombana kwa Kiswahili. Basi hicho ndicho lugha ya nyumba yenu, na mtaani Ruiru ndicho kinachowakutanisha majirani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo kukitumia si umaskini. Kikuyu mtoto akipate kwa shosho wake, mama yako, Kibukusu kitoke kwa babu yake wa Bungoma mkienda Desemba, na Kiingereza kipewe nafasi yake shuleni na katika vitabu vya kusomewa jioni.

Nisikufiche yanayonipinga. Mwaka 2013 na 2014 mradi wa Wizara ya Elimu na washirika wake ulifundisha watoto kusoma kwa Kibukusu kule Bungoma na kwa Kikamba kule Machakos. Usomaji wa lugha hizo ulipanda. Kiingereza na Kiswahili havikupata nyongeza, na hesabu zilishuka kidogo watoto hao wakilinganishwa na wenzao waliosomeshwa kwa njia hiyohiyo bila lugha ya mama. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba lugha ya nyumbani pekee itamfanya mtoto awe wa kwanza darasani anakudanganya. Lakini angalia kilichopimwa: vipindi vya shule, ambako saa ya somo moja huliwa na jingine. Nyumbani hakuna ratiba ya kugombaniwa. Na penye muda wa kutosha mambo yalikwenda vingine: kule Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka 6 mizima, Kiingereza kikiwa somo tu, na hawakuachwa nyuma hata katika Kiingereza chenyewe.

Utaniambia pia kwamba katuni za Kiingereza zinamfundisha. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wachanga wa Kimarekani walishika sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao, na hawakushika kitu kutoka kwa video ya mtu huyohuyo. Zima simu wakati wa chakula. Na kama unahofia mahojiano ya kuingia Gredi ya 1, yasikukoseshe usingizi. Yako mbali bado.

Shuleni nenda wewe na mkwe, kwa adabu. Mpeni mwalimu maneno anayotumia mtoto akitaka maji, choo, au akiumwa, ili asinyamaze kwa kukosa Kiingereza. Mwombeni mwalimu amsikilize mtoto akisimulia kisa kwa Kiswahili kabla ya kusema yuko nyuma. Na muulizeni kama kuna adhabu kwa mtoto anayesema lugha ya kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o, mtoto wa Limuru, kaunti hii hii ya Kiambu, aliandika mwaka 1986 jinsi watoto walivyopigwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa hilo. Kama kibao hicho bado kipo shuleni hapo, kwa jina lolote, mhamisheni mtoto. Sehemu ya ada ya shule mpya nitaichangia mimi.

Jumamosi mama yako anakuja kukaa nanyi hadi Jumanne. Nimemwambia asimulie hadithi zake zote, na kwa Kikuyu.

Mjomba wako