Unasikia, Mama?

Mwezi huu karibuni tutembee ndani ya Dzaleka, lakini tutembee kwa masikio.

Tuanzie pale bombani, asubuhi, madumu yamepanga foleni. Mama mmoja wa Uvira anasimulia ya jana: "Sasa, unasikia, nikamwambia, unasikia..." Kila maneno matatu, "unasikia" moja. Kwetu Kivu kusikia ni kuelewa pia, ndiyo maana tunasema fulani anasikia Kifaransa. Jirani yake Mrundi ana "urumva", na Wamalawi wana "mwamva?", maana ni ileile. Wote wanauliza habari ya sikio, kumbe wanataka kujua habari ya kichwa. Anayeulizwa anajibu "eeh", macho yako kwa dumu lake lisirukwe.

Tuteremke sokoni. Muuza nyanya Mmalawi akimaliza kusema anaweka "eti?" Kwa Chichewa hiyo ni kama "si ndiyo?" yetu. Lakini kwa Kiswahili "eti" ni neno la mtu ambaye hajasadiki. Nilipofika hapa nikiwa mtoto nilifikiri wauzaji wote hawaamini bei zao wenyewe!

Hapa zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, wakati wa Rais Banda. Wakimbizi tulianza kupokelewa mwaka 1994. Nafikiri wakati ule "ndiyo" ilisemwa sana, kuelewa au kutoelewa.

Sasa tufike kwenye matibabu, maana huko sicheki. Siku moja nilimsindikiza mama jirani, mimi nikiwa mkalimani. Mtoto wake mdogo alikuwa na malaria, akapewa LA, dawa inayotumika Malawi tangu mwaka 2007. Vidonge sita: kimoja palepale, cha pili baada ya masaa manane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula. Muuguzi alieleza vizuri kabisa. Mimi nikatafsiri haraka haraka: "Cha pili baada ya saa nane, unasikia, mama?" Akasema, "Nasikia." "Tuko pamoja?" "Tuko pamoja, mwalimu."

Kile cha kwanza mtoto alikimeza saa saba mchana. Ilipopita saa nane, mama akatoa cha pili. Si ndivyo nilivyosema? Mtoto akatapika vibaya, tukarudi mbio naye mgongoni, wakamwangalia mpaka jioni. Mungu saidia, alipona. Mama hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa amesikia kila neno.

Darasani pia nilikuwa na ugonjwa huo. "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!" Darasa zima, hata yule anayesinzia nyuma. Siku hizi namwita mmoja aje ubaoni aeleze kwa maneno yake, na mara nyingi naona aibu, maana kosa lake linatoka kwa mdomo wangu.

Juzi mama yule alipata dawa tena, kwa mtoto mkubwa. Wakati ulikuwa uleule, saa saba. Nikamwuliza: "Mama, hicho cha pili utampa jua likiwa wapi?"

Akacheka. "Jua litakuwa limelala, mwalimu. Saa tatu ya usiku. Na wewe, umesikia?"