Adabu ya Kuuliza

Msomaji, vyombo vinavyomtumikia mwanadamu ni vya namna mbili. Kiko chombo kinachofanya kazi kimya, kikiharibika hakisemi lolote. Na kiko chombo kinachoweza kumweleza bwana wake kila hatua ya kazi yake, maadamu bwana huyo anajua kukiuliza. Kompyuta yaweza kuwa vyote viwili. Picha ndogo iliyo pembeni mwa kioo chake husema neno moja tu: mtandao upo, au mtandao haupo. Haisemi umepotelea wapi wala kwa sababu gani. Lakini liko dirisha jingine, jeusi, lisilo na picha wala pambo, ambamo mtu huandika amri kwa maneno na kujibiwa kwa maneno. Dirisha hilo ndilo ninalotaka kukuonyesha leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, na dirisha hilo nilijulishwa katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza hata siku moja. Mwanafunzi akisema, "Kompyuta imekataa," alimwuliza, "Umeiuliza nini, nayo imekujibu nini?" Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili alirudishwa kitini pake. Wakati ule tuliona ukali. Sasa mimi mwenyewe nina darasa, naona ulikuwa wema. Neno "imekataa" hufunga mlango wa fikira. Swali hufungua.

Amri iliyo mashuhuri kuliko zote katika kazi hii huitwa ping. Iliandikwa mwezi wa Desemba, 1983, na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la nchi yake katika jimbo la Maryland. Jina lake alilitwaa katika mlio wa chombo kinachotumiwa na manowari: mlio hupelekwa majini, na baharia husikiliza mwangwi ukirudi, akajua kama mbele yake kuna kitu na kiko umbali gani. Amri hii nayo hupeleka ujumbe mdogo kwa kompyuta nyingine, ikangoja jibu, ikahesabu muda uliopita kwa elfu za sekunde. Sisi watu wa huku tuna mfano ulio karibu zaidi kuliko manowari. Mgeni mwenye adabu hufika mlangoni akapiga hodi, kisha akangoja kusikia "Karibu." Ping ni hodi ya kompyuta.

Lakini hodi haipigwi popote. Hupigwa penye nyumba ijulikanayo. Kwa hiyo kila kompyuta iliyo katika mtandao hupewa anwani. Anwani za namna ya zamani, ambazo bado zinatumiwa sana, zina hesabu nne zilizotengwa kwa nukta, na kila hesabu haipungui 0 wala haizidi 255. Zile zinazoanza kwa 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, ofisi na shule. Anwani 127.0.0.1 ina maana ya ajabu kidogo: ni "mimi mwenyewe." Kompyuta ikiipigia hodi anwani hiyo, inajipigia hodi nafsini mwake.

Hapa ndipo penye adabu ninayoisema. Mtandao ukipotea, wengi huanza kulaumu vitu vya mbali: kampuni inayouza huduma, serikali, hata mvua. Fundi mwema huanza karibu. Hujiuliza kwanza: je, kompyuta hii inajijibu yenyewe? Ikijibu, huuliza la pili: je, waya wake umeunganishwa? Kisha la tatu: je, inafika kwa ruta, ambayo ni kama lango la boma, ambalo lazima kila kitokacho na kiingiacho kipitie? Kisha la nne: je, inafika kwa kompyuta ya mbali kwa anwani ya hesabu? Na la mwisho: je, inafika huko kwa jina? Maana majina tunayoyaandika sisi hayajulikani na waya. Lazima yageuzwe kuwa hesabu na kompyuta maalumu zinazotunza majina. Ikiwa hesabu inajibu na jina halijibu, njia ni nzima. Aliyelala ni mtunza majina. Maswali matano tu, lakini kila moja hupunguza uwanja wa shaka, mpaka kosa linakosa mahali pa kujificha.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya mafundi na hayana uzito kwa mwanafunzi. Nitakueleza kisa kimoja, nawe upime mwenyewe.

Shule yetu ina chumba chenye kompyuta ishirini, zote zimeunganishwa kwa waya. Zinaendeshwa na Linux ya aina iitwayo Ubuntu, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba, 2004, na jina hilo ni neno la lugha za kusini mwa Afrika, ndugu ya neno letu "utu." Sheria ya chumba hicho ni kwamba mwanafunzi akiharibu chombo, mzazi wake hulipa. Siku ya kwanza ya muhula wa tatu, kijana mmoja wa kidato cha pili alikaa mbele ya kompyuta ya pembeni. Kompyuta kumi na tisa zilipata mtandao. Ya kwake haikupata. Kabla sijafika mezani pake, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Wenzake walisema ameiharibu. Kiranja alikuwa amekwisha kuandika jina lake katika kitabu.

Kijana alisimama akasema, "Mwalimu, sikugusa kitu ila kibodi." Hakusema zaidi. Nilijua analelewa na bibi yake, anayeuza mboga sokoni, na kwamba karo ya muhula ule ilikuwa haijatimia. Malipo ya kompyuta yangekuwa mzigo usiobebeka kwa mwanamke yule.

Nilimwambia akae, nikawaita wenzake wote wasimame nyuma yetu watazame. Nikafungua dirisha jeusi. Tuliipigia hodi nafsi ya kompyuta, ikajibu. Tukauliza hali ya vifaa vyake kwa amri nmcli device status. Ikajibu kwamba kifaa cha waya kimeunganishwa. Basi waya haukukatika, na aliyedhani kijana ameung'oa alinyamaza. Tukapiga hodi kwa ruta; hapakuwa na jibu. Tukaenda kwenye kompyuta ya jirani, tukapiga hodi kwa ruta hiyo hiyo. Ikajibu kabla ya elfu moja ya sekunde kwisha. Basi ruta ilikuwa macho. Kosa lilikuwa katika kompyuta yetu, wala si katika mwili wake.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo amri ya nmcli hulitenga vizuri sana. Hiyo ni amri ya programu iitwayo NetworkManager, na kwayo kuna tofauti baina ya kifaa na muunganisho. Kifaa ni mwili: kile kipande kinachochomekwa waya. Muunganisho ni maagizo yaliyoandikwa: tumia anwani hii, pitia lango lile. Kifaa kimoja chaweza kuandikiwa maagizo mengi, lakini hufuata moja kwa wakati mmoja. Kama mwalimu mmoja aliyepewa ratiba mbili, ambaye hawezi kuwa katika vyumba viwili saa ile ile. Akifuata ratiba isiyo ya leo, atafundisha chumba kitupu, ingawa yeye mwenyewe ni mzima.

Tukaandika nmcli connection show, tukaona miunganisho miwili. Mmoja ulikuwa wa shule. Wa pili hatukuujua, nao ndio uliokuwa ukifuatwa. Ndani yake mlikuwa na anwani inayoanza kwa 10, ilhali zetu zote zinaanza kwa 192.168. Kompyuta ilikuwa ikitafuta lango la boma jingine. Kisha tukauliza swali lililokuwa na uzito kuliko yote: maagizo haya yaliandikwa lini? Faili ya maagizo hubeba tarehe yake. Tulipoitazama, tarehe ilikuwa ya katikati ya likizo ya Agosti, siku ambayo lango la shule lilikuwa limefungwa na kijana yule alikuwa nyumbani kwa bibi yake.

Chumba kilinyamaza. Kiranja alichukua kalamu akalifuta jina bila ya kuambiwa. Baadaye nilimpigia simu fundi aliyekuwa amechukua kompyuta chache kuzisafisha wakati wa likizo, naye akakubali mara moja kwamba aliijaribu ile katika mtandao wa ofisi yake akasahau kuyaondoa maagizo. Hakuna aliyetaka ubaya. Tuliandika nmcli connection up na jina la muunganisho wa shule, na kompyuta ikaungana na wenzake. Kazi ya kurekebisha haikuchukua dakika moja. Kazi ya kumwokoa kijana na lawama ilichukua robo saa ya maswali. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami siku ile niliona ukweli wa maneno yao katika kioo cha kompyuta.

Adabu hiyo ya karibu kwanza, mbali baadaye, haimaanishi kwamba kosa la mbali halipo. Lipo, na lina amri yake. Traceroute, iliyoandikwa na Van Jacobson mwishoni mwa miaka ya 1980, huonyesha vituo ambavyo ujumbe hupitia. Hila yake ni nzuri. Hutuma mjumbe mwenye masurufu ya kituo kimoja tu. Akifika hapo masurufu yamekwisha, na kituo humrudishia habari aliyemtuma. Kisha hutuma mwingine mwenye masurufu ya vituo viwili, kisha vitatu, mpaka njia yote inajulikana. Tangu mwaka 2009, ilipofika Mombasa mikongo ya SEACOM na TEAMS, sehemu kubwa ya ujumbe wetu wa ng'ambo hupita chini ya bahari badala ya kutegemea setilaiti. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili, SEACOM na EASSy, ilikatika, na mtandao ukawa mzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku hiyo aliyeuliza kwa utaratibu aliona kompyuta yake inajibu, ruta inajibu, vituo vya karibu vinajibu, na shida iko mbele zaidi. Alikuwa na haki ya kulaumu mbali, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupauliza karibu.

Neno la tahadhari halina budi kusemwa. Mtu hapigi hodi ili apate nafasi ya kuiba. Amri hizi zitumie katika kompyuta yako, au katika mtandao ambao mwenyewe amekupa ruhusa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao inahesabu kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Na hata pasingekuwa na sheria, muungwana hachungulii madirisha ya watu.

Basi, msomaji, usiogope dirisha jeusi kwa kuwa halina pambo. Halikasiriki ukikosea herufi. Hukwambia halikuelewa, nawe ukaandika tena. Liulize machache kila siku, na uandike katika daftari swali na jibu lake, ukianza na kilicho karibu. Utakapozoea utaona kwamba desturi hiyo haikai katika chumba cha kompyuta peke yake. Itakufuata bwenini kitu kikipotea, na nyumbani ndugu wakigombana, na siku moja barazani, watakapokuweka wewe uwe mwamuzi. Hapo mtu atasimama mbele yako, aseme hakugusa kitu, na watu wote watakuwa wamekwisha kumhukumu. Muulize, ungoje jibu, ndipo uamue.