Saa Isiyo na Mtihani

Mwili ni chombo na akili ni nahodha. Nahodha hodari hafiki mbali katika chombo kilichooza mbao, wala chombo kizima hakifiki popote bila nahodha. Somo linalowakutanisha wawili hawa ni elimu ya viungo. Humfundisha mwanafunzi kukimbia, kuruka, kucheza kwa kufuata sheria, na kujua jinsi moyo, mapafu na misuli vifanyavyo kazi. Hata hivyo, msomaji kijana, ni masomo machache yaliyodharauliwa kama hili.

Dharau hiyo ina chanzo. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, elimu ya viungo ilikuwamo katika ratiba ya sekondari lakini haikuwa na mtihani wa taifa. Kwa hiyo saa yake aghalabu ilichukuliwa na hesabu au kemia, na uwanja ukabaki kimya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu. Sasa mwanafunzi aweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, akaisoma michezo kwa undani kama mwenziwe asomavyo fizikia. Na wale wa mikondo mingine nao wamewekewa saa ya viungo. Lakini ratiba ni karatasi. Saa isiyo na mtihani ni rahisi kuibwa, hasa mwenyewe asipojua thamani yake.

Mimi napenda kuipima thamani hiyo katika mji wa Vanga, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, kati ya mikoko na bahari. Kijana wa huko aweza kuniuliza: "Navuta nyavu na kupiga kasia, nina haja gani ya kufundishwa viungo?" Swali lake ni la haki. Kazi humpa mtu nguvu, lakini haimwelezi nguvu hiyo yatoka wapi, wala afanye nini itakapomwishia.

Chukua mfano wa kuelea. Mita moja ya ujazo ya maji ya mtoni ina uzito wa kilo 1,000 hivi. Ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Mwili wenye mapafu yaliyojaa hewa kwa kawaida ni mwepesi kidogo kuliko maji hayo ya chumvi. Kwa hiyo mtu akilala chali, akatandaza mikono na kupumua kwa utulivu, bahari humbeba. Aliyeshikwa na hofu hurusha mikono juu, hupiga kelele, hewa ikamtoka, akazama. Wazee walisema mfa maji hukamata maji. Methali imetaja ugonjwa. Elimu ya viungo ni dawa yake, maana humzoeza mtu kuitawala hofu kabla siku ya hofu haijafika.

Siku hiyo si ya kubuni. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa, si mbali na gati, wakafa watu 272. Sisemi kwamba wote wangaliokoka kwa kujua kuogelea. Msongamano wa watu na uzito wa chuma havisikilizi ustadi. Lakini nani atathubutu kusema kwamba ustadi usingalimfaa hata mmoja? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji.

Labda binti atasema kwamba mambo haya ni ya wavulana. Bahari haiulizi. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa katika mavazi yanayositiri mwili wote. Heshima haikupotea, na maarifa yalipatikana.

Wala usiseme kwamba shule yako haina bwawa. Shule nyingi hazina. Kuelea hufundishwa katika maji matulivu yasiyopita kiuno, mwalimu ajuaye kuogelea akiwa karibu. Kuhesabu mapigo ya moyo kwataka vidole viwili na saa. Kukimbia kwataka mchanga uliokupwa maji. Mambo hayo humfaa hata asiyekuwa na kipaji cha kushinda mbio, tena pengine yeye zaidi kuliko bingwa.

Basi saa hiyo ifikapo, usiiuze kwa kusinzia kivulini. Ikiwa imechukuliwa na somo jingine, mwendee mwalimu wako kwa adabu, wewe na wenzio, mwiombe irudishwe. Hesabu ina mtihani wenye tarehe, na waweza kujiandaa usiku wa kuamkia siku yake. Mtihani wa bahari huja pasipo tarehe, na aliye majini hana tena nafasi ya kufungua kitabu.