Usiku wa Kufuta Diski

Maskini akipata, matako hulia mbwata. Hivyo ndivyo nilivyotembea bwenini mwanzoni mwa mwaka wa 2011, baada ya ami yangu kunikabidhi kipakatalishi kidogo alichokuwa amekichoka. Kilikuwa cha jamii ile iliyopata umaarufu kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC mwaka wa 2007, tarakilishi yenye kioo cha inchi 7 na diski ya gigabaiti 4. Changu kilikuwa cha kampuni nyingine, nacho kilikuwa kimejaaliwa zaidi kidogo: kioo cha inchi 9 na diski ya gigabaiti 8. Kilienea mkobani kando ya kamusi, nami sikuomba zaidi ya hayo.

Wiki mbili hazikupita kabla ya mbwembwe zangu kufifia. Ningekuwa katikati ya sentensi, mara kishale kinaganda, taa ndogo ya diski inawaka bila kupepesa, nami nimekodoa macho. Kisha maneno yote niliyokuwa nimeyapiga yangemwagika kiooni kwa mkupuo mmoja. Mwenzangu wa chumbani alizoea kuuliza, "Mashine yako imekwenda kuswali tena?"

Laiti kingalikuwa chombo cha kuandikia barua tu, ningalivumilia. Lakini ndani yake mlikuwamo faili 41 za sauti ya nyanya yangu, ngano alizotusimulia utotoni, nilizozirekodi Lamu likizo ya Desemba kwa ajili ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Kinasasauti kilikuwa cha kuazima na kilikwisha kurudi kwa mwenyewe. Nyanya alifariki mwezi wa Machi. Nakala nyingine haikuwapo. Najua unavyonitazama, msomaji. Msimamizi wangu naye alinitazama vivyo hivyo.

Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi mmoja wa sayansi ya tarakilishi. Alinieleza kwamba diski ya aina ya SSD haina kisahani kinachozunguka. Habari zote hukaa katika chipu. Chipu hizo zina sharti moja gumu: ukurasa hauandikwi juu ya maandishi ya zamani mpaka ufutwe kwanza, na kufuta hakufanywi ukurasa kwa ukurasa bali bloku nzima kwa pamoja. Nilikumbuka ubao wa chuoni, nilikosomea Kurani nikiwa mdogo. Fikiria mwalimu akikuamuru usahihishe herufi moja, nawe huruhusiwi kuigusa mpaka unakili mistari mingine yote mahali pengine, uuoshe ubao mzima, kisha uiandike upya. Anayepanga kazi hiyo ndani ya diski ni chipu ya udhibiti, nayo huongozwa na programu iliyotiwa humo kiwandani. Msimamizi wa diski yangu alikuwa mzembe wa mipango. Kuhifadhi maneno machache tu kulimfanya ahamishe na kufuta shehena kubwa huku kila kitu kikimngoja. Watengenezaji walikuwa wametoa toleo jipya la programu hiyo.

Yule kijana aliiita famuwea. Sisi wa Kiswahili tulikuwa tumemaliza semina nzima tukizozana baina ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, wala hakuna aliyeuliza kitu hiki kiitweje. Baadaye nilikutana na istilahi "programu dhibiti" nikairidhia, kwa kuwa kudhibiti ndiyo kazi yake hasa, ingawa sidhani kama wauza vifaa wa Luthuli Avenue wangenielewa.

Masharti ya kubadilisha programu yalikuwa mawili. Kwanza, diski yote ingefutika. Pili, stima isikatike kazi inapoendelea, la sivyo diski ingegeuka jiwe. Betri yangu ilikuwa na uhai wa dakika 11 tu. Nilighairi kwa mwezi mzima, hadi siku ile mashine ilipoganda na kumeza kurasa tatu za tasnifu.

Nikaazima flashi. Usiku huo nilinakili ngano moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kila faili ilichukua muda, niliamua kuisikiliza inaponakiliwa, daftari langu la unukuzi likiwa mapajani. Hapo ndipo niliposhikwa na soni. Daftarini nilikuwa nimeandika "njia", "macho", "maji". Nyanya alikuwa akisema "ndia", "mato", "mai". Sikuwa nimekusudia kumsahihisha. Ni mkono tu, uliozoea kalamu nyekundu ya mwalimu tangu darasa la kwanza, uliosanifisha wenyewe, na utafiti wangu, tafadhali kumbuka, ulihusu Kiamu. Nikaanza kurekebisha kwa penseli, nikirudisha sauti ya nyanya neno kwa neno. Nilifika ngano ya 16. Wakati wa ile ya 17 mashine iliganda, usingizi nao ukanizidi nguvu; nikaichomoa flashi, nikaichomeka tena, nikaliona jina la faili kwenye orodha, nikaridhika. Zilizosalia nilizinakili zote kwa pamoja bila kuzisikiliza.

Kulipokucha nilikwenda kwenye duka la intaneti lenye jenereta. Kioo kilikuwa cheusi, na asilimia zilipanda polepole kwa maandishi meupe. Dakika nne zile nilisoma kila dua niliyofunzwa. Kazi ilikamilika salama. Alasiri yote nilirudishia mfumo na programu zangu, na jioni nikaandika ukurasa mzima bila kishale kuganda hata mara moja. Kuwasha bado kulikuwa kwa konokono, kwani kichakataji ni kilekile. Isitoshe, siwezi kuapa kuwa sifa zote ni za programu mpya. Diski iliyofutwa yote huanza na kurasa tupu, na hilo peke yake huweza kuirudishia wepesi.

Kisha nikarudisha ngano. Faili 40 zilifunguka. Ya 17 ilitoa sekunde chache za jogoo akiwika uani, nyanya akakohoa, basi. Niliirudia mara nyingi. Yule kijana naye aliijaribu kwa programu zake zote, na diskini hapakuwa na la kufufua.

Ngano ile ninayo daftarini, kwa mwandiko wangu: njia, macho, maji. Hayo matatu naweza kuyarudisha mwenyewe. Yako mengine aliyoyatamka, nami nikayapitisha katika usanifu bila kujitambua, na hayo sina mahali pa kuyasikiliza. Katika tasnifu niliiweka ngano ya 17 kama ilivyo, nikaandika chini yake kwamba maneno ni ya mnukuzi.