Tulivyosomea Udaktari Nyumbani Mwaka wa Korona



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad. Ndugu zetu wanafunzi na wazazi, sisi ni watatu tuliopitia madrasa hii kabla ya kwenda kusomea udaktari. Tumeombwa tueleze tulivyosoma mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nasi tumekubali, kwa kuwa hakosekani mzazi anayetuuliza kama siku hizi mtu anaweza kuwa daktari kwa simu tu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 vikafuata vyuo. Wawili kati yetu tulikuwa mwaka wa tatu, ndio kwanza tumeanza kuingia wodini. Mwenzetu alikuwa mwaka wa pili. Kule Italia na Uingereza wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliharakishwa kuhitimu ili wakasaidie hospitalini. Sisi tuliambiwa twende makwetu, na sababu yake inaeleweka: mwanafunzi anayezunguka wodi hadi wodi anaweza kuubeba ugonjwa, na barakoa aliyovaa yeye ndiyo aliyoikosa muuguzi.

Ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam tulikuwa na hofu ambayo wasomaji wa gazeti hili wataielewa. Sote tulifundishwa hapa hadithi ya tauni, kwamba ikizuka katika nchi msiingie, na mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia, na kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) aliyegeuza safari yake ya Sham, naye Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi hiyo. Sisi hatukukimbia, mabweni yalifungwa. Hata hivyo tulikuwa tunatoka mjini kuelekea kwa wazee. Mmoja wetu alikaa siku 14 katika chumba cha uani, sahani yake mbali, kikombe chake mbali. Bibi yake, Mbena wa zamani, alikasirika kweli. Mjukuu gani huyu anayesema "kamwene" akiwa amesimama kule kwenye mparachichi?

Tuje kwenye masomo. Vyuo vyetu havikuwa na utaratibu ulio tayari wa kufundisha kwa mbali. Kilichokuwepo ni makundi ya WhatsApp, ambamo mwalimu mwenye moyo alituma slaidi zake na pengine sauti yake aliyoirekodi. Makambako mtandao haukuwa tatizo. Ni mji wa njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, na treni ya TAZARA inasimama hapo. Vijijini Njombe mambo yalikuwa mengine. Mvua, ukungu, umeme kukatika, na mtandao mpaka upande kilimani kwenye misindano. Basi mwenzetu wa Makambako ndiye aliyekuwa akipakua. Alihifadhi kila kitu kwenye memori kadi, akaitia katika bahasha na kumpa kondakta wa gari la Njombe, kilomita 60 hivi, nasi tukiisha kunakili tunairudisha. Bahasha moja ilipotea na dawa zote za moyo ndani yake. Aliyeiokota, kama aliisoma, sasa anajua presha kuliko sisi.

Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria iliingia mwishoni mwa Aprili, ikatusaidia, maana vifurushi vya usiku ni rahisi na wakati wa daku tuko macho. Baada ya Alfajiri tulihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu hapa madrasani: unasoma, unafunika, unamsikilizisha mwenzako kwa simu. Kwa masomo kama anatomia na baiokemia njia hiyo inafaa sana. Mwenzetu wa mwaka wa pili anasema hajawahi kuielewa mishipa ya fahamu ya mkono kama miezi ile.

Lakini wodi haitumwi kwa simu. Tulikuwa na rekodi za mapigo ya moyo, safi kabisa. Mgonjwa halisi hayuko hivyo; anakohoa, anaogopa, na kitanda cha pili mtoto analia. Au chukua ini. Unamwambia mgonjwa avute pumzi, na ukingo wa ini unashuka kukutana na vidole vyako. Mara ya kwanza huhisi chochote, mpaka mwalimu aweke mkono wake juu ya wako na kuuliza, "Hapo, umelipata?" Ni kama maalim anavyokutazama mdomo unapotamka dhwadi. Kanda za wasomaji mashuhuri zipo tele, lakini ijaza hupewi na kanda. Ibn al-Nadim anasimulia kwamba Al-Razi, tabibu mkubwa wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alikaa na wanafunzi wake safu kwa safu. Mgonjwa alielezwa kwanza na safu ya mbele, wakishindwa wanaulizwa wanaofuata, na mwisho kabisa ndipo akasema yeye. Kundi la WhatsApp halina safu.

Kijijini hakuna anayejua maana ya mwaka wa tatu. Kwao, dokta amerudi. Jirani mmoja alikuwa anakohoa wiki ya tatu, usiku analowa jasho, nguo zinampwaya. Mkewe alituomba tumwandikie dawa za kununua dukani, kwa kuwa mzee aliogopa kwenda kituo cha afya asije akaitwa mgonjwa wa korona. Kwenye slaidi zetu dalili zile zilikuwa na jina, kifua kikuu. Kwa mikono yetu hatukuwa na uwezo wa kuthibitisha. Na iko hadithi, ameipokea Abu Daud, kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Tukakataa kuandika. Mama yule akatutazama akasema, "Sasa wanangu mnasomea nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpendeza. Tulizungumza na mzee jioni mbili baada ya futari, tukamweleza kwamba kukohoa wiki mbili na zaidi ni lazima makohozi yapimwe, korona iwepo isiwepo, na kwamba matibabu yake ni bure. Asubuhi ya tatu alikubali, tukafuatana naye, yeye mbele na barakoa ya kitambaa, sisi nyuma. Kilikuwa kifua kikuu. Akaanzishiwa dozi ya miezi sita katikati ya Mei.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020. Kalenda ilibanwa, likizo zikafutika, na wiki ya kwanza wodini mwalimu hakuuliza slaidi hata moja. Alisema tu, "Leteni mikono."

Mzee alimaliza dozi yake Novemba. Alituletea gunia la viazi, akaagiza nusu ipelekwe kwa "yule dokta wa kweli" wa kituo cha afya.

Wabillahi tawfiq.