Kahawa ya Soko Muhogo, Kahawa ya Mkunazini

Babu yangu hakuwahi kulitamka jina la Jaws Corner. Vijana walikwisha kuibatiza ile njia panda kwa jina la filamu ya papa, na watalii wakalipokea, lakini yeye alisema "naenda Soko Muhogo", na nyumba nzima ikajua anakwenda kunywa kahawa. Akishasali alasiri alivaa kofia yake ya viua, akanishika mkono, tukashuka vichochoro mpaka pale mabaraza ya mawe yanapotazamana.

Alikuwa karani katika moja ya ofisi za Vuga wakati wa Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890 wakakaa hadi Disemba 1963. Ofisini walikunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa ya barazani, na kwa babu hivyo viwili havikuchanganywa. Serikali iliondoka, ikaja nyingine, ofisi ikabadilika jina, yeye akastaafu. Baraza lake halikuhama.

Muuza kahawa ulimsikia kabla hujamwona. Mkono mmoja alibeba dele, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu uliopinda, na chini yake makaa yakiwaka. Mkono wa pili ulishika vikombe visivyo na mikono, akivigonganisha kwa vidole, ta-ta-tak, ta-ta-tak. Mimi nikiwa juu, ghorofa ya pili, niliweza kusema yuko kona gani. Alisuuza kikombe katika kindoo cha maji, akakikung'uta, kisha akamimina kutoka juu bila kumwaga tone, kahawa nyeusi yenye tangawizi na hiliki. Kikombe kilikuwa cha mafunda matatu. Watoto tulipewa kashata tu, na nilipofika miaka kumi babu aliniachia funda la mwisho la kikombe chake. Nililikunjia uso. Wazee wakacheka, mmoja akaniambia, "Utaizoea, mwanangu. Kwanza ikae ulimini, usiikimbize."

Barazani alikaa mchukuzi wa bandarini, mwalimu wa skuli, mwenye duka la vitambaa na sheikh wa msikiti wa jirani, bega kwa bega, na kikombe ni bei moja kwa wote. Asiyekuwa nacho siku hiyo alilipiwa, na hakuna aliyehesabu. Ugomvi wa mpira ulianzia hapo na habari za msiba zilifika hapo kwanza. Nimekulia katika imani kwamba lile lilikuwa baraza la kila mtu.

Jambo ambalo hakuna aliyeuliza ni kahawa ile imelimwa wapi. Unguja na Pemba ni visiwa vya karafuu. Buni zilikuja kwa chombo kutoka bara, zikanunuliwa Darajani, zikakaangwa mpaka zikawa nyeusi tititi, zikatwangwa kwenye kinu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba miti ya kahawa ilipandwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba kahawa nzuri ya nchi yetu ilikusanywa Moshi, ikapigwa mnada, ikapanda meli. Wajapani wanalijua jina la Kilimanjaro kutoka kwenye vikombe vyao, na sisi tulioitazama meli ikipita tulibaki na kopo la Africafé kutoka Bukoba. Silidharau kopo lile. Mama alitia kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto, na ndiyo iliyokuwa kahawa ya nyumbani. Lakini hata hoteli za watalii, miaka ya 1990, zilileta mezani maji ya moto na kopo hilo hilo, huku mgeni ametoka Ulaya kuja katika nchi ya kahawa.

Kisha miaka ya 2000, Mji Mkongwe ukiwa umekwisha kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO, nyumba za zamani zikaanza kufunguliwa milango upya. Mkunazini, katika moja ya nyumba hizo, ikaja Zanzibar Coffee House, na buni zake zikitoka shamba la Utengule, Mbeya. Nilipita mlangoni mara kadhaa bila kuingia. Nilidhani si mahali petu. Kilichoniingiza ni harufu, kwa kuwa haikuwa ile ya Soko Muhogo. Ile ya kwetu ni ya moshi na viungo. Hii ilikuwa kama mkate unaotoka tanuri, na nyuma yake kitu kama tunda.

Tangu siku hiyo nimezizungukia karibu nyumba zote za kahawa zilizofunguliwa baadaye, Shangani, Kiponda, hata zile za chumba kimoja na viti vinne. Katika moja nilijifunza kuonja kwa msichana wa Mwanakwerekwe aliyekuwa na umri wa binti yangu.

"Shikamoo, ami. Leo nikupe ya Mbinga au ya Mbozi?"

"Marahaba. Zina tofauti gani?"

Hakunijibu kwa maneno. Alizisaga mbele yangu, akanisogezea moja baada ya nyingine ninuse. Akapima kwenye mizani ndogo gramu 18, akaushindilia unga kwa kishindilio cha chuma, akafunga mashine, na kahawa ikashuka nyembamba kama uzi wa asali kwa muda usiozidi nusu dakika. Akanieleza kwamba buni zikikaangwa mpaka ziungue, ya Mbinga na ya Mbozi zote huwa na ladha ya mkaa, na juhudi ya mkulima hupotelea kwenye kikaango. Nilionja. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini ukifuatiwa na ukali mtamu wa zabibu mbichi. Nikamfikiria mtu wa Mbozi ambaye sitamwona, aliyechuma matunda mekundu peke yake na kuyaacha ya kijani, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kwamba nilikunywa kahawa miaka 30 bila kumfikiria.

Hapo ndipo nilipopata uzito wa moyo ambao haujanitoka. Kikombe kile nilikilipia bei ya kuwanunulia kahawa watu wote wa baraza la babu, na ikabaki. Mchukuzi wa bandarini hataingia pale. Hakuna anayemzuia mlangoni, na hataingia.

Mwezi wa Disemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima kilikuwa gizani. Wenye majenereta waliwasha kwa saa chache, mafuta yakawa ghali, na mashine za kahawa nyingi zikalala. Dele halikujua kama kuna tatizo. Usiku Soko Muhogo palijaa kuliko nilivyopata kupaona tangu utotoni, kibatari hapa, kandili pale, na makaa mekundu yakizunguka gizani kwa mwendo wa muuzaji. Yule msichana wa Mwanakwerekwe alipita na mwenzake wakirudi nyumbani, wakasimama mbali kidogo, ukutani. Nikamwita aje aonje ya kwetu. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaonesha kwa macho mabaraza yote manne. Nikageuka nikatazama. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hapajawahi kuwa, na mimi nilikaa pale tangu nina miaka saba nikiliita baraza la kila mtu.

Dada yangu ananizidi miaka minne. Alikuwa akimtwangia babu kahawa ya akiba ya nyumbani, alijua kuikaanga kuliko sisi sote, na aliinywa uani, au kwa mashoga zake nyuma ya mlango uliofungwa. Soko Muhogo alipita tu, mbio, kikapu mkononi, akitoa salamu bila kusimama. Sikuwahi kumuuliza kama angetaka kukaa.

Nilimuuliza umeme uliporudi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mbona umechelewa hivyo?"

Siku hizi tunakwenda Alhamisi, baada ya alasiri, kwenye duka moja lenye ngazi nyembamba mpaka juu ya paa. Anazipanda polepole, amejishika ukutani, magoti hayamsaidii tena. Juu kuna upepo, mabati yenye kutu, minara ya misikiti na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Anaagiza ya Mbozi, nyeusi, bila sukari, na msichana anayetuhudumia amekwisha kujua kwamba bibi huyu hunusa kwanza buni, huzifikicha baina ya vidole, na husema palepale kama zimekaangwa wiki hii au wiki iliyopita. Hajakosea mbele yangu.

Alhamisi iliyopita aliuliza kama wana kashata. Hawakuwa nazo. Walikuwa na keki ya karoti. Dada akafungua mkoba, akatoa kashata za nazi alizozifunga kwenye karatasi, akampa msichana moja, mimi moja, na yake akaiweka kando ya kikombe. Chini, upande wa Soko Muhogo, mtu alikuwa akigonganisha vikombe. Dada akainua kidole, tukanyamaza wote watatu mpaka alipokata kona.